Kwa wajukuu waliojaza hojaji kibandani

Wajukuu zangu wa sosholojia, hiyo elimu ya jamii, mwaka wa kwanza,

Jumanne iliyopita nilikuwa kibandani Majengo, Pumwani, nikingoja mandazi yaive. Mkaingia wanne na bunda la hojaji, zile karatasi za maswali ya utafiti, kalamu moja ya buluu na nyingine nyeusi. Mkaagiza chai na chapati, kazi ikaanza.

"Huyu tumpe miaka mingapi?"

"Mpe 38. Mjane. Watoto wanne. Biashara ndogondogo."

Mwenye kalamu nyeusi akahamishia mkono wa kushoto ili mwandiko ubadilike. Chai haijapoa, mmeshahoji nusu ya mtaa bila kuinuka kwenye benchi. Nilipouliza ni nini hicho, mmoja wenu, kijana mwenye adabu kwa kweli, akanijibu: "Ni ya alama tu, guka," yaani babu.

Nilinyamaza. Hasira ilikuwa imenifika hapa kooni, na mama mwenye kibanda hapendi kelele. Basi nawaandikia.

Najua mkiamshwa usiku wa manane mtanitajia majina. Comte aliyelipa somo lenu jina lake katika miaka ya 1830. Marx na matabaka. Weber na mamlaka yake matatu: ya mila, ya haiba na ya sheria. Hayo yamo kwenye noti, yasomeni, sina la kuongeza. Mhadhiri akimruka Ibn Khaldun wa Tunis, aliyeeleza mwaka 1377 jinsi mshikamano wa watu unavyojenga dola na unavyolegea dola ikishashiba, mwulizeni kwa heshima amemruka kwa nini.

Ninayetaka mumjue vizuri ni W. E. B. Du Bois, mwanasosholojia mweusi wa Marekani. Mwaka 1896 Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilimwajiri achunguze maisha ya watu weusi wa kata ya saba ya mji wa Philadelphia. Walimpa cheo kidogo na hawakumpa darasa la kufundisha. Yeye na mkewe, ndoa bado mbichi, wakahamia mtaa huohuo. Akabisha hodi mlango kwa mlango, kaya kama 2,500, anauliza mwenyewe na kuandika mwenyewe. Wala hakupokewa kwa vigelegele. Wenyeji walichukia kuchunguzwa kama viumbe wa ajabu, naye alikuja kukiri kwamba hapo ndipo alipogundua hawajui watu aliodhani anawajua, weusi wenzake. Kitabu kilitoka 1899, mwaka uleule reli ilipofika hapa Nairobi pakiwa bado ni kinamasi. Wakubwa wa mji walitaka kusikia kwamba weusi ni maskini kwa sababu wana kasoro fulani. Yeye aliwaonyesha kodi za nyumba, kazi walizofungiwa milango, na historia ya utumwa. Angekaa kibandani na kalamu mbili, angewaandikia walichotaka kusikia.

Mtasema Durkheim, yule mwanasosholojia Mfaransa, hakubisha hodi kwa mtu. Kweli kabisa. Kitabu chake cha 1897 kuhusu kujiua kilitegemea rekodi za serikali, na mpwa wake Marcel Mauss alizichambua moja moja, karibu 26,000. Lakini zilikuwa rekodi za vifo vya kweli. Ndiyo maana aliweza kuona kwamba hata jambo la siri kama lile lina mkono wa jamii ndani yake: walio peke yao walijiua zaidi ya wenye ndoa, Waprotestanti zaidi ya Wakatoliki. Takwimu za kupika haziwezi kukushangaza. Zinakurudishia ulichokuwa nacho kichwani ulipoagiza chai.

Mimi nami si malaika. Katika sensa ya 1979 nilikuwa karani wa kuhesabu watu, kijana kama ninyi. Nyumba moja ya mwisho, mvua inanyesha, viatu vimejaa tope, niliona taa na kusikia watoto, nikaandika watu watano nikaenda zangu. Wiki mbili baadaye nikaambiwa pale anaishi bibi mmoja na redio. Hadi leo hesabu ya Kenya ya mwaka ule ina watu wanne wangu.

Na msidhani mko peke yenu, maana nchi nzima imezoea kukisia. Kwa miaka mingi kila mwenye kipaza sauti alisema Kibera, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ikahesabu kama 170,000. Wengine walibisha, na wana haki ya kubisha, lakini ile milioni ilikuwa imehesabiwa na nani? Ilipendeza masikioni, ikaombewa misaada. Sisi wazee tuliowafundisha hatukosi lawama pia: tunawarundika ukumbini mamia kwa mamia, tunawatuma mtaani bila hata nauli ya matatu, kisha tunasahihisha unadhifu wa jedwali.

C. Wright Mills, mwanasosholojia wa Marekani, mwaka 1959 alitoa mfano huu: katika mji wa watu 100,000, mmoja akikosa kazi, mwangalie yeye, tabia yake na ujuzi wake. Taifa lenye wafanyakazi milioni 50, milioni 15 wakikosa kazi, hapo acha kumwangalia mtu, angalia mpangilio mzima. Sasa niambieni, wajukuu, mtajua ni mmoja au ni milioni 15 kwa njia gani, kama hamkuuliza?

Mlipoondoka nilimwuliza mama mwenye kibanda maswali yenu. Ana miaka 51. Mumewe yuko hai, anaendesha lori, hulala nyumbani siku sita kwa mwezi. Amezaa watatu, analea na wawili wa dada yake, na mkubwa wao hula kwake ila hulala kwa shangazi. Basi kaya yake ni ya watu wangapi? Nimehesabu mara tatu na bado sijui, na hilo ni swali la sura ya kwanza ya kitabu chenu.

Yuko pale kila siku kuanzia saa kumi na moja alfajiri, isipokuwa Jumapili. Hojaji sita mlizosahau mezani msizifuate, ameshazifungia mandazi.