Kabla Hamjavuka Ziwa Kwenda Kulima Chai

Wanangu wa kikundi cha Kirumba,

Nimesikia mnataka kutoa akiba yenu mnunue shamba la chai upande wa Bukoba. Siwakatazi. Nina swali moja tu: kiwanda kiko wapi?

Ninyi ni watoto wa pamba, na pamba ni mpole. Mnunuzi asipokuja unaifungia ndani. Utotoni tumelala sana juu yake, tena tulikuwa tunagombania. Jani la chai halina subira hiyo. Likishachumwa linanyauka, likirundikwa linapata joto na kuwa jekundu. Lisipofika kiwandani siku hiyohiyo, umechuma takataka.

Ndiyo maana chai ilianza kwa wenye mitaji. Wajerumani waliipanda kwa majaribio mwaka 1904, Amani kule Usambara na Kyimbila kule Rungwe. Biashara yenyewe ilishika kuanzia 1926, chini ya Waingereza, na ilikuwa ya mashamba makubwa: mwenye shamba ndiye mwenye kiwanda. Mkulima mdogo aliingia hasa miaka ya 1960, baada ya uhuru, na mwaka 1968 serikali ikaunda Mamlaka ya Chai. Huku kwetu, miaka ya 1950, wakulima wa pamba walikuwa tayari na ushirika wao uliojengwa na akina Paul Bomani, wakafika hadi kumiliki majineri, viwanda vya kuchambua pamba. (Ushirika ulivunjwa 1976. Hilo linaniuma hadi leo, tuliache.)

Shemeji yangu ana miche yake ng'ambo huko. Nilimtembelea msimu wa mvua, lori la kiwanda likakwama siku mbili. Nilimwona mkewe akimwaga vikapu vya majani migombani, kimya, kama anayemwaga maji machafu. Mwenye kiwanda hakupoteza chochote.

Basi nendeni Aprili, barabara zikiwa tope, msiende kiangazi. Msimwulize dalali. Waulizeni akina mama wanaochuma: lori huja mara ngapi kwa wiki, na malipo ya mwisho waliyapata lini? Tena mjue mche mchanga utawakalisha kama miaka mitatu kabla ya kuchuma cha maana. Mtakula nini?

Mkiamua kwenda, nipitieni kabla ya kupanda meli. Nina mzigo wa dagaa wa shemeji.

Mzee wenu,
Kirumba, Mwanza