Watoto wagonjwa nao wapewe makafi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo ambalo limenikaa rohoni. Kwa miaka 11 kazi yangu ni kuongoza boti za mpira kwenye Mto Nile hapa Jinja, Uganda. Nimepitisha wageni wa Ulaya na Marekani, nimepitisha vijana wa Nairobi na Kampala, wengine hata kuogelea hawajui. Miaka yote hiyo mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyezaliwa hapa Walukuba, robo saa tu kwa bodaboda kutoka mtoni, hakuwahi kukanyaga boti. Ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, sikoseli kama tunavyoiita mtaani.

Hakuna aliyemzuia kwa ubaya. Dada yangu anaogopa, na ana haki ya kuogopa: amelala sakafuni pembeni ya kitanda cha wodi mara nyingi mno. Kilichoniuma ni cha shuleni. Darasa zima lilipokwenda Entebbe kuona wanyama, mtoto aliambiwa abaki kwa usalama wake. Akashinda darasani peke yake na daftari la hesabu. Safari ilikuwa ya basi tu. Laiti mama yake angeulizwa, angesema anachohitaji ni maji ya kunywa, sweta na ruhusa ya kupumzika.

Na hawa si watoto wachache. Damu za watoto wadogo zilipopimwa nchi nzima mwaka 2014 na 2015, karibu 13 katika kila 100 walikutwa wamerithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, na karibu 7 katika kila 1000 walikuwa na ugonjwa wenyewe. Hapo sijataja walio na saratani, wenye moyo ulioharibika, wala vijana waliozaliwa na virusi vya UKIMWI ambao leo ni wakubwa. Madaktari wanapigana wawaache hai. Lakini kijana aliyeachwa hai anataka pia kuishi, na sisi tumempa njia moja tu ya kutembea: nyumbani hadi kliniki, kliniki hadi nyumbani.

Kuna nchi zimeliona hili kitambo. Marekani, mwaka 2001, mpiga kafi mmoja aitwaye Brad Ludden, ambaye shangazi yake aliugua saratani ya matiti, alianzisha shirika la First Descents, na vijana wenye saratani wakaanza kufundishwa kuendesha kayaki mtoni. Uingereza, Ellen MacArthur, yule mwanamke aliyeizunguka dunia peke yake kwa mashua ya tanga, alianzisha mfuko wake mwaka 2003, na vijana waliotibiwa saratani hupandishwa kwenye mashua wakashika usukani kwa mikono yao. Watu wanadhani hiyo ni pikiniki ya kuwaliwaza wagonjwa. Sivyo. Kijana anapewa kazi yenye hofu kidogo ndani yake, anaifanya mwenyewe, na pembeni yake wako wenzake wenye ugonjwa kama wake, ambao hawahitaji kuelezwa kwa nini ana kovu au kwa nini macho yake ni ya manjano. Jioni wakikaa kwenye moto wanaambiana mambo ambayo daktari hajawahi kuyasikia.

Uganda haihitaji kujifunza mwanzo. Ni hapo hospitali ya Mulago, Kampala, ambapo daktari Denis Burkitt aliwaona watoto waliovimba taya kwa saratani, akauandika uvimbe huo mwaka 1958, na leo dunia nzima inauita kwa jina lake. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilifunguliwa mwaka 1967 kwa ajili ya watoto hao hao. Mto tunao, ziwa tunalo, na maskauti wana uwanja wa kambi Kaazi, ufukweni mwa Ziwa Viktoria.

Mwaka jana mwezi wa pili nilimwomba dada yangu anipe mtoto kwa asubuhi moja. Akanijibu, "Kaka, maumivu yakimshika, utamlaza wewe hospitali." Nikasema sawa, nitamlaza. Nilimuuliza kwanza muuguzi wa kliniki yake. Akaniambia seli zenye umbo la mundu hukwama kwenye mishipa midogo mwili ukipoa, ukikauka au ukichoka kupita kiasi, kwa hiyo tusitoke alfajiri, anywe maji kabla hajasikia kiu, na akilowa abadilishe nguo hapo hapo. Nikazunguka siku mbili nikitafuta jaketi la kuokolea. Yetu yote yameshonewa watu wazima, na mpwa wangu ana miaka 16 kwa mwili wa mtoto wa 12, kama wengi wenye ugonjwa huu.

Sikumpeleka kwenye mikondo. Bwawa la Bujagali lilipokamilika mwaka 2012 lilimeza maporomoko tuliyokuwa tukijivunia, na sisi waongozaji tulilia. Lakini nyuma ya bwawa maji yametulia, na siku hiyo niliyatazama kwa jicho jingine. Alikaa mbele, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi kama kawaida yake, kwa sababu ya yale macho. Nikampa kafi. Akapiga mara ishirini akihesabu kwa sauti, akapumzika, akanywa maji, akapiga tena ishirini. Furukombe akalia juu ya mti ng'ambo, naye akaivua kofia ili amwone vizuri, akaiweka mapajani. Hakuivaa tena mpaka tukarudi. Tulipokaribia ukingo nikanyoosha mkono nichukue kafi, akasema, "Mjomba, acha niipaki boti mwenyewe."

Sitaki kumdanganya msomaji. Alichoka siku mbili nzima, na wiki tano baadaye maumivu yalimrudia akalazwa. Mto hautibu selimundu. Ila nilipokwenda kumwona wodini nilimkuta amekaa kitandani, ameshika fimbo ya ufagio, anamwonyesha mtoto wa kitanda cha pili namna ya kulizamisha kafi bila kuvunja mgongo.

Kwa hiyo nina maombi. Hospitali zituazime muuguzi anayewajua watoto wake kwa majina, na daktari aamue nani aje na lini. Aliye katikati ya dawa za saratani, kinga yake ikiwa chini, asubiri, na asiguse maji ya ziwani. Kichocho kipo kwenye kingo zetu, lazima tupange vituo vya kushukia na dawa yake iwe tayari. Wenye selimundu wasipelekwe kuogeshwa chini ya maporomoko ya Sipi kwa ajili ya picha. Maji yale ni baridi. Na mtoto akisema hataki, aachwe ukingoni bila kubembelezwa sana.

Kwa wenzangu wenye boti nasema waziwazi: msitupe siku mnazokosa wageni. Wageni hupungua wakati wa mvua, mwezi wa nne na wa kumi na moja, na hizo ndizo siku za baridi na upepo zinazowalaza watoto hawa. Tupeni siku ya jua, mwezi wa kwanza au wa pili, siku ambayo mngeweza kuiuza.

Mimi natoa Jumamosi moja kila mwezi wa kiangazi bila malipo, na wenzangu wawili wamekubali. Boti ya kuazima tumepata. Tunachotafuta sasa ni muuguzi mmoja na majaketi manane ya saizi ya watoto.

Mwongoza boti,
Walukuba, Jinja