Wanagenzi wa umeme wafunzwe kwanza, ndipo wapande nguzo

Mhariri,

Inaniuma kuona vijana wanaojifunza kazi ya laini za umeme hapa Mombasa wakipandishwa nguzo kabla ya kufundishwa kuikagua. Juzi huko Kisauni nilimwona mmoja akiwa juu, mkanda uko kiunoni lakini haujazungushwa kwenye nguzo, na fundi wake yuko chini anaongea na simu.

Nguzo ya mbao huozea pale inapoingia ardhini na chini yake kidogo, mahali jicho halifiki. Huku kwetu pwani kuna unyevu na mchwa pia. Kwa hiyo igongwe kwa nyundo pande zote, toka chini hadi kimo cha mtu: iliyo nzima hulia kwa ukali na nyundo huruka, iliyooza sauti yake hufifia. Kisha udongo ufukuliwe kidogo, bisibisi ichomekwe. Ikizama kirahisi, hapandi mtu. Gari la kreni liitwe. Mkanda ufungwe tangu chini, si baada ya kufika juu. Na kila waya uhesabiwe una moto, yaani umeme unapita, hadi upimwe. Volti 240 za nyumbani zinaua, sembuse 11,000 za laini za nguzoni!

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe mafunzo, usimamizi na vifaa vya kujikinga. Naomba wakaguzi wa kazi wawatembelee wakandarasi huko huko barabarani, wasingojee maiti.

Fundi umeme mstaafu,
Changamwe, Mombasa