Risala ya Mawakala wa Forodha na Wasafirishaji wa Changamwe kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mbunge wetu katika Bunge la Afrika Mashariki, Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama na vijana mliohudhuria: Assalaam aleikum, na nyote hamjambo.

Karibu Changamwe. Wageni wengi wa cheo chako huishia Nyali na Kizingo. Wewe umekubali kuja huku kwenye vumbi la matrela, na hilo tumelishukuru kabla hujatamka neno.

Mheshimiwa, kazi yetu ni kutoa mzigo bandarini na kuufikisha Kampala, Kigali, Juba na Goma. Tangu himaya moja ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ianze mwaka 2014, ushuru wa mzigo wa Uganda hulipwa kabla kontena halijatoka getini, na maafisa wa mapato wa Uganda wanafanya kazi hapa hapa Mombasa. Wenzetu wakongwe wanakumbuka dereva akilala mpakani Malaba siku kadhaa, karatasi zikizunguka dirisha hadi dirisha. Kwa hivyo tunapoitaja Jumuiya, hatutaji kitu tulichokisikia redioni. Karo za watoto wetu zinatoka humo.

Ndiyo maana leo hatukuelezi habari za barabara wala mizani ya Mariakani, ingawa hayo nayo yanatuuma. Tumechagua kusema juu ya fedha za Jumuiya yenyewe.

Mkataba wa Jumuiya uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 unasema, katika kifungu cha 132, kwamba bajeti itagharimiwa kwa michango iliyo sawa ya nchi wanachama, pamoja na misaada na vyanzo vingine vitakavyoamuliwa na Baraza la Mawaziri. Wakati ule nchi zilikuwa tatu. Leo ni nane: Rwanda na Burundi ziliingia 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022 na Somalia 2024. Burundi imekuwa ikitakiwa kutoa sawasawa na Kenya, takriban dola milioni 7 kwa mwaka. Kwa Hazina ya Nairobi hizo si fedha za kukosesha usingizi, lakini kwa Bujumbura ni mzigo mzito. Matokeo yake unayajua kuliko sisi: malimbikizo yasiyokwisha, miradi kungoja wafadhili wa nje, na hata vikao vya Bunge lako kukwama kwa ukata. Kifungu cha 143 kinaruhusu nchi isiyolipa ichukuliwe hatua, lakini hatua yenyewe kimewaachia wakuu wa nchi waiamue, na ni vigumu jirani kumdai jirani mbele ya kamera.

Hatuna nia ya kulaumu nchi maskini. Kasoro iko katika mpango wenyewe, kwa sababu uhai wa Jumuiya umewekwa mikononi mwa Hazina nane, kila moja ikiwa na mishahara yake ya kulipa kwanza.

Mheshimiwa, hapa ukumbini wamo wazee waliovaa sare za East African Railways and Harbours, shirika la pamoja la reli na bandari. Jumuiya ya kwanza, ile ya 1967, walihudhuria kifo chake mwaka 1977. Walishuhudia mabehewa yakigawanywa, na makubaliano ya kugawana mali na madeni hayakutiwa saini hadi 1984. Wapo wenzao waliozeeka wakifuatilia kiinua mgongo. Utangulizi wa Mkataba wa sasa unakiri kwamba mgawanyo wa manufaa usio wa haki ulikuwa mojawapo ya sababu za kuvunjika. Tukiona nchi zinanung'unikia michango, wazee hawa hawalali vizuri, nasi hatulali.

Dawa ipo, na wengine wameshaitumia. Jumuiya ya Afrika Magharibi, ECOWAS, inajiendesha kwa tozo ya asilimia 0.5 ya thamani ya bidhaa zinazotoka nje ya nchi zake. Umoja wa Afrika uliamua mjini Kigali, Julai 2016, kutumia asilimia 0.2. Na hapa Mombasa kwenyewe kuna makao ya mamlaka ya Ukanda wa Kaskazini, njia ya mizigo kutoka Mombasa hadi nchi za bara, ambayo hugharimiwa kwa tozo ya tani za shehena ya mpito inayopita katika bandari yetu. Sisi ndio tunaoijaza hiyo hesabu. Fedha inakatwa mzigo unapopita, na hakuna waziri anayesubiriwa akumbuke kulipa.

Tunaomba utaratibu kama huo kwa Arusha, yaliko makao ya Jumuiya, lakini kwa masharti. Isiwe tozo mpya juu ya tozo. Mwagizaji wa Kenya tayari analipa ada ya tamko la uingizaji asilimia 2.5 na tozo ya reli asilimia 2, mbali na ushuru na VAT. Sehemu ya Jumuiya imegwe humo humo. Kisha ihesabiwe kwa nchi mzigo unakokwenda, ili Kenya isionekane kuibeba Uganda wala Uganda kudai kwamba Mombasa inaneemeka kwa jasho lake. Bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ziachwe kabisa.

Jambo jingine linatuchosha kila mwaka. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya una ngazi nne: sifuri, asilimia 10, 25 na 35, na bidhaa nyeti, zinazolindwa zaidi, hutozwa juu ya hapo. Mchele uko asilimia 75. Lakini kila Juni, kabla ya bajeti kusomwa, mawaziri wa fedha huomba ruhusa za kujitenga na viwango hivyo. Kenya yetu imetoza mchele asilimia 35 kwa miaka mingi, nasi tunaelewa kwa nini, maana pilau halina msimu. Hata hivyo ruhusa zikizidi, ushuru wa pamoja unabaki jina. Mwanzo wa Julai sisi huingia kazini bila kujua kama kiwango cha jana kingali hai.

Kuhusu sarafu moja, iliyoahidiwa 2024 na kusogezwa hadi 2031, tunasema kwa ufupi: deni la umma lisizidi asilimia 50 ya pato la taifa ni sharti la sarafu hiyo tulilolitia saini wenyewe mwaka 2013, na Kenya haijalitimiza.

Mheshimiwa, tunajua masuala ya fedha huamuliwa na Baraza la Mawaziri. Azimio la kulitaka Baraza lipange ratiba ya tozo hiyo, waweza kulipeleka wewe. Tunakuomba ulipeleke. Tunaomba pia ripoti za wakaguzi wakuu wanaokagua hesabu za Jumuiya zitolewe kwa Kiswahili na zifike Changamwe, Busia na Namanga, kwa watu ambao makontena yao ndiyo yatakayolipa. Na ruhusa za ushuru zitangazwe mapema, angalau mwezi mmoja kabla ya kuanza kutumika.

Nakala ya risala hii tumekuandalia pamoja na mifano ya hesabu za mizigo tuliyoitoa. Wanachama wako tayari kuja Arusha kuieleza wakiitwa.

Ni sisi, mawakala wa forodha na wasafirishaji wa Changamwe.