Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana, hamjambo.

Hesabu mhazini atazisoma mwenyewe, na misiba na wagonjwa tuliowafikia mnawajua, maana mlikwenda nyinyi. Mimi nitatumia dakika zangu kwa jambo moja lililotusumbua mwaka mzima, nalo ni hili jina la "mkimbizi".

Nilimsindikiza mama mmoja wa hapa chamani hadi ofisi ya shirika moja la kigeni. Mkobani alikuwa na kikaratasi cha chifu, kimekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, muhuri umefifia umebaki doa la zambarau. Karani akamwuliza, "Mama, ulivuka mpaka gani?" Akajibu, "Nilivuka feri." Karani akafunga daftari. Mama huyu alitoka Likoni, ng'ambo ya feri ya Mombasa, wakati wa ghasia za Agosti 1997 na watoto wawili, mmoja mgongoni, na tangu siku hiyo hajalala kwake. Lakini kisheria karani hakukosea, na hilo ndilo linaloniuma.

Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unamtambua mtu aliye nje ya nchi yake. Sisi tuliohama makwetu bila kuvuka mpaka wa nchi, Kiswahili chetu kinatuita "wakimbizi wa ndani", tukadhani jina moja lina haki moja. Wazee wa Kisauni mnaikumbuka kambi ya Utange: ndugu zetu waliokimbia vita vya Somalia walipokewa chini ya uangalizi wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na ilikuwa haki yao. Miaka michache baadaye Likoni ikawaka. Watu zaidi ya 100 waliuawa, maelfu wakahama, wengine wakajazana katika uwanja wa kanisa Katoliki, na hapakuwa na mkataba wa kimataifa uliowataja. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa kuhusu watu kama sisi, zilizoandaliwa chini ya Francis Deng, mwanadiplomasia wa Sudan, zilikuja 1998. Nazo ni mwongozo tu. Haziifungi serikali yoyote.

Wala si sisi peke yetu. Mwishoni mwa 2024 watu milioni 83.4 duniani walikuwa wamehamishwa makwao wakabaki ndani ya nchi zao, karibu mara mbili ya wakimbizi waliovuka mipaka. Afrika angalau ina Mkataba wa Kampala wa kuwalinda wakimbizi wa ndani, uliopitishwa 2009 na kuanza kutumika 2012. Hata huo, mlinzi unaomtegemea ni serikali ya nchi yenyewe, ambayo pengine ndiyo iliyoshindwa kuwalinda watu wake tangu mwanzo.

Ila Kenya ilitunga sheria yake ya wakimbizi wa ndani mwaka 2012, na Kanuni zile zimeambatishwa humo. Kamati yenu iliona hapo pana pa kushika. Tulianza na Kanuni ya 20, inayosema aliyehama apewe hati mpya za zile zilizopotea bila kulazimishwa kurudi alikotoka.

Kijana wetu mmoja, nyumba yao ilichomwa katika mapigano ya Tana Delta 2012, aliambiwa kila akienda kuomba kitambulisho: rudi kwenu, chifu wako akuthibitishe. Kwao hakuna tena boma, na yule chifu hayupo. Mara ya nne tulikwenda naye, kanuni tumeichapisha na kuipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Afisa aliisoma yote, akaisoma tena, kisha akampa fomu. Kitambulisho hakijatoka bado, na tutaendelea kukifuatilia hadi kitoke.

Mwaka ujao kazi yetu ndiyo hiyo, mtu mmoja mmoja. Ambaye hana kitambulisho, cheti cha kuzaliwa au hati ya shamba aache jina kwa katibu kabla hajaondoka leo. Na mwenye karatasi yoyote ya wakati ule, hata imechanika, asiitupe. Mama yule ameleta yake, tumeshaitolea nakala.