Wazungu hawakuifungua Asia, waliomba ruhusa

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya biashara ya Wazungu na Asia zamani zile na kuna sehemu imenikera kweli, pale mlipoandika kwamba Wareno na Waholanzi ndio "walioifungua" Asia. Jamani, Vasco da Gama, yule nahodha Mreno, anafika Calicut kule India 1498 tayari bandari za kule zimejaa Wagujarati, Waarabu na Waajemi, na zawadi alizompelekea mfalme wa pale, vitambaa, kofia, sukari na asali, maofisa wakazicheka. Sasa alifungua nini?

Chukueni Japani. Wareno walifukuzwa 1639, mwaka uliofuata wakatuma ujumbe kutoka Macau, makazi yao kule China, kuomba warudi, watu 61 wakauawa na 13 wakaachwa hai wapeleke habari. Waholanzi wa VOC, Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki, ile ya 1602 tunayoambiwa ilitisha dunia nzima, wao walibaki lakini kwa masharti. Kule Hirado, bandari yao ya kwanza Japani, walikuwa wamejenga ghala jipya la mawe wakaliandika mwaka wa Kikristo, na Ukristo ulikuwa marufuku, wakaamriwa walibomoe, wakalibomoa bila ubishi. 1641 wakahamishiwa Dejima, kisiwa cha kutengenezwa na watu pale Nagasaki, urefu kama mita 120 na upana kama 75 basi, daraja moja lenye walinzi, hutoki mpaka upewe ruhusa, ibada ya Kikristo marufuku, na mkuu wao lazima abadilishwe kila mwaka. Halafu huyo mkuu anafunga safari mpaka Edo, Tokyo ya leo, na zawadi kwenda kumsujudia shoguni, mtawala wa kijeshi wa Japani. Daktari wao Engelbert Kaempfer alikuwemo kwenye msafara wa 1691 na aliandika mwenyewe jinsi shoguni Tsunayoshi, akiwa nyuma ya pazia, alivyowaamuru wavue majoho, watembee, waruke, wacheze, na yeye Kaempfer akaimba.

Walivumilia yote hayo kwa sababu ya fedha (yale madini, si pesa) na shaba ya Japani. Wananunua hariri Tonkin (kaskazini mwa Vietnam ya leo) na Bengal, wanaiuza Nagasaki, fedha waliyopata inaenda India kununua vitambaa, na vitambaa ndio wanabadilishana na viungo kwenye visiwa vya Indonesia ya leo, maana Ulaya yenyewe haikuwa na bidhaa nyingi ambazo watu wa Asia walizitaka. Japani ilipowazuia kutoa fedha 1668 hawakupigana, wakahamia kwenye shaba. Waingereza nao walijaribu mabavu kwa Aurangzeb, mfalme mkuu wa dola ya Mughal kule India kuanzia 1686, wakaishia kuomba msamaha na kulipa faini ya rupia 150,000.

Sisemi walikuwa wapole, hapana. Visiwa vya Banda, Indonesia ya leo, 1621 Jan Pieterszoon Coen, gavana mkuu wa VOC, aliingia na jeshi kwa ajili ya kungumanga, watu kama 15,000 wakabaki labda elfu moja, wengine waliuawa, wengine njaa, wengine utumwani, na inaniuma kila nikisoma. Ila Banda hakukuwa na mfalme wala jeshi la kumzuia. Makala yenu imeweka Banda na Nagasaki kapu moja, na hapo ndipo msomaji anapopotoshwa, anadhani Mzungu alikuwa na nguvu ileile kila alikotia nanga.

Naomba mrekebishe hilo, na mkipata nafasi muandike makala ya Dejima peke yake, maana shajara za wale wakuu wa kampuni zipo mpaka leo.

Wasalaam,
Msomaji wenu, Tanga