Yah: Malalamiko kuhusu vifaa vya meshi mlivyonifungia nyumbani

Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa faiba, kifurushi cha Mbps 50, naishi Mbezi Beach kwenye nyumba ya ghorofa moja. Wiki sita zilizopita mlinifungia waifai ya meshi, yaani vifaa vitatu vinavyopokezana mtandao kutoka kwenye ruta, baada ya ofisa wenu wa mauzo kunihakikishia kwamba nyumba nzima itapata mtandao hadi chumba cha uani. Risiti ya EFD ninayo.

Sebuleni, penye ruta, napata Mbps 47. Juu, kwenye chumba ninachofundishia, napata 6, na jioni hushuka hadi 2. Uani hata ujumbe wa sauti hauendi, ingawa alama ya waifai kwenye simu imejaa. Alama hiyo inaonyesha tu kwamba simu iko karibu na kifaa cha meshi. Haionyeshi kama kifaa chenyewe kinapata kitu kutoka kwenye ruta. Hapo ndipo fundi wenu alipokosea. Kifaa cha pili, kile cha juu, alikiweka ndani kabisa ya chumba kisichofikiwa na mtandao, badala ya kukiweka njiani, mahali ambapo mawimbi ya ruta bado yana nguvu. Kati yake na ruta kuna slabu ya zege na nondo, na bendi ya gigahezi 5, ile ya waifai yenye spidi kubwa, haipenyi hapo kirahisi. Tena vifaa mlivyoniuzia ni vya bendi mbili tu, gigahezi 2.4 na 5: redio zilezile zinazohudumia simu zetu ndizo zinazopokea kutoka kwenye ruta, hivyo spidi hupungua kila mawimbi yanaporushwa upya. Kifaa cha uani kinategemea kile cha juu, kwa hiyo kinapata mabaki ya mabaki.

Nilimwomba fundi avute waya wa neti, kwani paipu ziliachwa ukutani tangu nyumba inajengwa, na vifaa vyote vitatu vina tundu la waya. Akasema hakutumwa kazi hiyo. Nilipopiga simu ofisini kwenu nikashauriwa kununua kifaa cha nne. Hilo limeniuma kuliko yote. Kifaa kinachopokea mtandao hafifu kitagawa mtandao hafifu vilevile, hata viwe kumi.

Nafundisha hisabati kwa video wanafunzi wa kidato cha nne, ambao mtihani wao wa taifa ni Novemba. Wiki hii somo limekatika mara tatu. Mzazi mmoja ameomba arudishiwe ada, na nimemrudishia.

Naomba mlete fundi avute waya wa neti wa Cat 6 kutoka kwenye ruta hadi juu na uani, kisha apime spidi kila chumba nikiwepo. Waya nitanunua mimi. Kazi iwe juu yenu. Mkishindwa, chukueni vifaa vyenu mnirudishie fedha zangu. Nisipopata jibu ndani ya siku 14 nitafika Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambao hutaka mteja aanze kwa mtoa huduma, kama ninavyofanya sasa.

Nipo nyumbani kila siku hadi saa nane mchana.

Mteja wenu,
Mbezi Beach, Dar es Salaam